Geuza sahani kwanza, ndo uniulize

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya maiolika, vile vyombo vya udongo vya Kiitaliano vyeupe kama maziwa vyenye picha za Bikira Maria na watakatifu, nikadhani nimemaliza. Wapi! Simu haijapumzika tangu siku ile, picha zinaingia mpaka usiku wa manane. Shida ni moja, karibu wote mmepiga upande wa mbele. Jamani, mbele hata fundi wa mwaka jana anaweza kukuchorea Mama Maria mzuri ukatoa machozi, mi nataka mgongo, nataka kitako, nataka pale palipobanduka kama pamebanduka. Walionitumia mgongo ndo nimeanza nao.

*

Shikamoo mjomba. Hapa kwetu Kihesa tuna sahani kubwa ya udongo, marehemu mama mkwe aliachiwa na padre mmoja wa Konsolata, Mwitaliano, alipokuwa anarudi kwao. Katikati yuko Mtakatifu Fransisko kapiga magoti anapokea madonda matakatifu, pembeni maua ya bluu na manjano. Nyuma kwenye kitako ina matundu mawili na kijogoo kidogo cha bluu kimechorwa. Shemeji yangu anasema ni ya miaka ya 1500 na tukiuza tunajenga. Kwa sasa tunawekea kachumbari siku za sikukuu. Ni kweli tutajenga?
*Mama wa Kihesa, Iringa*

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote toa kachumbari humo, leo hii. Ule mng'ao wa vyombo hivi vya zamani, yaani ile ngozi kama kioo inayofunika udongo, kwa kawaida una risasi ndani yake, madini ya risasi, na risasi ikikutana na ndimu, siki au nyanya inaanza kutoka kidogokidogo inaingia kwenye chakula, huioni wala huisikii kwenye ulimi, na watoto ndo inawaumiza zaidi. Kachumbari ni nyanya na ndimu tupu! Hata pilau msipakulie humo.

Sasa tuje kwa jogoo. Huyo ni alama ya kiwanda cha Cantagalli cha Florence. Jina lenyewe ukilipasua kwa Kiitaliano unapata kuimba na majogoo, kwahiyo hawakuhangaika sana kutafuta nembo. Ulisse Cantagalli alishika kiwanda cha familia mwaka 1878, na kazi iliyowapa jina ilikuwa kufufua michoro ya zamani, ya miji ya wafinyanzi kama Deruta, Urbino na Gubbio, hata zile sanamu za bluu na nyeupe za akina della Robbia, familia ya wachongaji wa Florence, na walikuwa mafundi kwelikweli halafu hawakuficha, jogoo walimweka waziwazi. Ujanja waliufanya wauzaji waliofuata, mtu anamsugua jogoo na msasa mpaka anapotea na sahani inaongezeka umri wa miaka 350 mchana mmoja. Wa kwenu yupo mzima, mshukuruni padre. Wakonsolata wametokea Torino na Iringa wapo tangu 1919, kwahiyo sahani ya mwishoni mwa miaka ya 1800 au mwanzoni mwa 1900 kuingia kwenye sanduku la padre wala si ajabu.

Shemeji naye hajakosea yote. Mchoro ni wa babu, sahani ni ya mjukuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 mji mdogo wa Deruta, kule Umbria, ulikuwa unatoa masahani makubwa ya namna hiyo, sentimita 40 hivi, na Fransisko alikuwa hakosekani kwenye tanuri zao maana Asizi, mji wake, ni majirani. Na hayo matundu ndo yanayonifurahisha mimi kuliko picha yenyewe. Yanatobolewa udongo ukiwa bado mbichi ili kamba ipite, sahani itundikwe ukutani, maana yake tangu siku ya kwanza haikukusudiwa chakula, ilikaa juu ikiangaliwa na kuombewa. Ukikuta tundu lenye kingo kavu ambazo hazina mng'ao, hilo kuna mtu kalitoboa mwenyewe baadaye, ila ya kwenu nimeikuza kwenye simu na rangi imeingia mpaka ndani ya tundu, safi kabisa.

Zile za fahari zaidi zilikuwa na mng'ao wa dhahabu, na hiyo dhahabu si dhahabu, ni shaba na fedha zilizopakwa juu halafu chombo kikachomwa mara ya tatu kwa moto wa moshi mwingi. Cipriano Piccolpasso wa Castel Durante, aliyeandika kitabu kizima cha ufinyanzi kama mwaka 1557, anasema katika vyombo 100 vilivyoingia kwenye moto huo mara nyingi vinavyotoka vizuri ni 6 tu. Huyuhuyu ndo anayeelekeza kwamba kabla ya kuwasha tanuri omba Mungu kwanza, halafu uangalie na mwezi umefikia wapi! Mfinyanzi yeyote atakwambia hajakosea, ukishafunga mlango wa tanuri hauna amri tena.

Kujenga? Kwa jogoo mmoja sidhani hata kama mtafika kwenye lenta. Tundikeni ukutani, tumieni kamba imara, waya unakwangua.

*

Kaka niaje, mi nimenunua sahani mtandaoni, ya malaika Gabrieli anampasha habari Maria, mbele imeandikwa 1540 na muuzaji kaniapia ni ya mwaka huohuo. Nyuma ina muhuri ITALY. Picha nimekutumia zote. Nimepigwa?
*Mteja, Dar es Salaam*

Poa. Umepigwa.

Mwaka 1540 hakukuwa na nchi moja inayoitwa Italia, kulikuwa na ya Papa, ya Venezia, ya watawala wa Urbino, kila mtu na lake, nchi imeungana 1861. Na huo muhuri una historia yake kabisa, Wamarekani walipitisha sheria ya ushuru iliyoanza kazi 1891, inayotaka kila mzigo unaoingia kwao uandikwe nchi ulikotoka, kwahiyo viwanda vikaanza kugonga ITALY nyuma. Sahani yako haiwezi kuwa nzee kuliko hapo. Kama mchoro unaupenda kaa nayo, kama uliwekeza pole sana, na hiyo 1540 ya mbele usiiamini kwenye sahani yoyote kabla hujaona mgongo.

*

Habari zenu wapendwa. Niko Faenza mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni badante, namhudumia bibi wa miaka 91. Juu ya mlango wa nyumba yake na nyumba nyingi za huku kuna kibao cha udongo kimejengewa ukutani, Mama Maria ameshika mishale iliyovunjika mikono yote miwili. Kwetu Bukoba sijawahi kumwona Mama Maria na mishale. Pia bibi ana kikombe kidogo cha ukutani karibu na kitanda, kina msalaba na malaika, anasema ni cha bibi yake na akifa nichukue mimi nirudi nacho nyumbani. Nitaweza?
*Binti wa Kagera, Faenza*

Dada, we umekaa kwenye mji ambao jina lake Wafaransa waliligeuza likawa jina la vyombo vyenyewe, wakaviita faience, halafu unaniuliza mimi niliye huku mbali! Haya.

Mishale ni tauni. Zamani watu waliona ugonjwa unashuka kama mishale ya hasira ya Mungu, leo umempiga huyu kesho yule, na mwaka 1412 tauni ilipokuwa inawamaliza watu wa Faenza inasimuliwa Bikira Maria alimtokea mwanamke mmoja akiwa na mishale iliyovunjika mikononi, yaani ameikamata na kuivunja isiwafikie. Wanamwita Mama wa Neema, ndo msimamizi wa mji, na picha yake iko kwenye kanisa kuu hapo hapo ulipo. Sasa mji umejaa wafinyanzi na umejaa watu wanaoogopa magonjwa, unategemea nini kitatokea? Vibao vikaanza kutoka. Wenyewe wanaviita targa, vinakaa juu ya mlango, kwenye njia panda, hata zizini, ila zizini mara nyingi utamkuta Mtakatifu Antoni Abate mwenye nguruwe miguuni maana ndo mlinzi wa mifugo. Ukifika Forlì mji wa jirani utakuta Mama Maria mwingine, wa Moto. Huyo ni picha ya karatasi iliyokuwa imebandikwa kwenye shule, moto ukaipiga shule usiku wa Februari 4, 1428, shule ikaisha na karatasi ikabaki. Kwahiyo ukitembea mkoa huo unaweza kusoma juu ya milango watu waliogopa nini, hapa tauni, pale moto, kule ng'ombe kufa.

Hicho kikombe cha kitandani ni cha maji ya baraka, acquasantiera, mtu anachovya kidole anafanya ishara ya msalaba kabla ya kulala. Vilitengenezwa vingi sana, karibu kila kituo cha wafinyanzi, kwahiyo usikose usingizi ukifikiri unalala pembeni ya hazina ya taifa. Ila kama kweli ni cha bibi yake bibi kimezidi miaka 70, na sheria ya Italia vitu vya sanaa vya umri huo haviendi tu kwenye begi, hata kama ni vya bei ndogo inabidi kutoa tamko kwenye ofisi ya serikali inayosimamia utoaji wa vitu vya kale. Si jambo kubwa, ni makaratasi tu. Na kubwa zaidi bibi aandike akiwa mzima na watoto wake wajue, nimeona wahudumu wakigeuziwa kibao siku ya pili ya msiba.

Siku yako ya mapumziko nenda kwenye makumbusho ya kauri hapo mjini, ipo tangu 1908, vita ikaipiga mabomu 1944 wakaanza upya kukusanya. Kajione mwenyewe halafu uniandikie, nina wivu.

*

Asalaam aleykum. Mimi ni kijana wa Mji wa Kale Mombasa, kazi yangu ni kuwatembeza wageni. Mgeni mmoja alinambia hizi sahani za Kikristo za Italia asili yake ni kwa Waislamu, nikamwona ana mzaha. Ni kweli? Tena alinionyesha picha ya kibakuli kimeandikwa CON POL DI S CASA, akasema watu walikunywa dawa ndani yake. Hapo shangazi yangu akacheka, akasema kumbe na wao wana kombe lao.
*Msomaji, Mombasa*

Waaleykum salaam. Mgeni hakuwa na mzaha, na shangazi yako mpe salamu zangu, kaona mbali kuliko wasomi.

Karne ya 9 kauri ya China ilikuwa inafika Iraq, nyeupe pee, na wafinyanzi wa Basra wakaitamani lakini udongo ule hawana. Walichofanya ni kuchanganya bati kwenye ule mng'ao wa risasi, ukawa mzito mweupe unaofunika udongo wa chini usionekane, basi hapo wamepata ukuta mweupe wa kuchorea. Vyombo hivyo vya Iraq vilisafiri mpaka kwetu, vipande vyake vimechimbwa Manda na Shanga huko Lamu, kwahiyo Mswahili alivijua kabla ya Mwitaliano kuanza kuvitengeneza! Ufundi ukatembea na Waislamu mpaka Hispania, Málaga, halafu Manises karibu na Valencia, na mizigo ikawa inapitia kisiwa cha Majorca kwenda Italia, hapo ndo jina maiolika wanasema lilipozaliwa. Mwanzoni Waitaliano jina hilo walilitumia kwa vile vyenye mng'ao wa dhahabu tu, baadaye likameza vyote.

Na kuna kitu ukimwambia mgeni wako atakununulia chakula cha mchana. Pisa, kuanzia karne ya 11, walikuwa wanachukua mabakuli ya rangi kutoka nchi za Waislamu, Tunisia, Misri, Hispania, wanayajengea kwenye kuta za nje za makanisa yao kama mapambo. Wewe umeona wapi kitu kama hicho? Si makaburi ya nguzo, yale ya zamani ya pwani yetu! Mambrui hapo juu, nguzo imepambwa mabakuli ya Kichina. Kanisa la Pisa bakuli la Mwislamu, kaburi la Mswahili bakuli la Mchina, kila mtu kapamba mahali pake patakatifu kwa chombo kilichovuka bahari.

Mchoraji wa maiolika anachora juu ya ule weupe kabla haujachomwa, bado ni unga mkavu unaonyonya rangi papo hapo kama chokaa, ukikosea umekosea, hakuna kufuta. Na rangi zenyewe chache, bluu ya kobalti, kijani cha shaba, manjano ya antimoni, zambarau ya manganizi, machungwa ya chuma. Nyekundu ilikuwa inawasumbua vibaya mno, wengi iliwashinda, ndo maana nguo ambayo kwenye picha ya kanisani ungeikuta nyekundu huku imetoka machungwa.

Sasa kombe. Wasomaji wa bara wasiojua, pwani mgonjwa anaandikiwa aya kwenye sahani kwa zafarani, inaoshwa kwa maji ya waridi, anakunywa. Kibakuli ulichoonyeshwa ni cha Loreto, na yale maandishi yamekatwakatwa tu, maana yake ni pamoja na vumbi la Nyumba Takatifu. Wakatoliki wanaamini nyumba ya Bikira Maria ya Nazareti ililetwa na malaika mpaka Loreto mwaka 1294, basi vumbi lililokwanguliwa kwenye kuta zake lilichanganywa kwenye udongo wa vibakuli, hujaji anakwenda nacho kwao, na mgonjwa akinyweshwa maji humo ananyweshwa na nyumba yenyewe. Dini mbili, bahari mbili, sahani ileile mkononi mwa mgonjwa. Si lazima mmoja awe amemwiga mwingine, homa ikipanda saa nane usiku binadamu wote wanatafuta kitu cha kunywa chenye jina la Mungu ndani yake.

*

Habari mwalimu. Shangazi yangu ni sista, alisomea Asizi, aliporudi aliniletea kikombe cha Deruta kina Mama Maria na Mtoto Yesu. Wiki jana kijana wangu amekigonga na mpira kikavunjika vipande vinne. Cha ajabu kipande chenye sura ya Mama Maria ni kizima kabisa. Mume wangu anasema tutupe, mimi roho inakataa. Nifanye nini na hiki kigae?
*Mama Boys, Nakuru*

Mama Boys, usitupe, na pole ya kikombe, na kijana asichapwe.

Umesema kimetoka Deruta? Basi sikiliza kilichotokea hukohuko Deruta. Karibu na kijiji cha Casalina, chini tu ya mji, inasimuliwa mtawa mmoja Mfransisko alikiona njiani kipande cha kikombe kilichovunjika, kina Mama Maria na Mtoto, akaona si vizuri watu wakanyage, akakiweka kwenye matawi ya mwaloni akaendelea na safari. Kikawa kinaanguka. Mwaka 1657 mchuuzi mmoja wa hapo, mtu wa vitu vidogovidogo, mkewe yuko nyumbani hoi kitandani, akapita akakiokota, akakipigilia kwenye mti kwa misumari akimwomba Mama Maria amponye mke wake. Aliporudi nyumbani akamkuta anafagia. Hiyo ndo naipenda mimi, hajamkuta amekaa anasali wala analia, kamkuta na ufagio.

Sasa mchuuzi atashukuru vipi, hela ya kujenga altare hana, lakini anaishi kwenye nchi ya wafinyanzi. Akatengenezesha kigae kimoja cha maiolika chenye picha ya tukio lenyewe, mke kitandani na Mama Maria juu mtini, akakipeleka kwenye mwaloni. Wenzake wakaona. Kanisa likajengwa kuuzunguka ule mti, Madonna dei Bagni wanaliita, kipande chenyewe na shina la mwaloni viko kwenye altare mpaka leo, na kutani kuna vigae zaidi ya 600 vya watu walioponea chupuchupu miaka zaidi ya 350. Kiswahili kimetubariki hapo, maana kilichovunjika ni kigae na kilichobandikwa ukutani ni kigae, Mwitaliano inabidi atafute maneno mawili.

Na vigae vyenyewe, mama, hakuna watakatifu wenye mataji na mawingu ya dhahabu, ni watu kama wewe. Mtu kaanguka toka juu ya mti, mwingine mkokoteni umempanda, huyu kashikiwa bunduki na majambazi, yule kapigwa teke na punda, mama anajifungua vibaya, mtoto kadumbukia motoni, halafu unavuka karne unakuta na ajali za magari. Kona moja juu yuko Mama Maria na Mtoto ndani ya matawi, na pembeni herufi tatu P.G.R., per grazia ricevuta, yaani kwa neema niliyopokea. Uchoraji wa vingine ni wa harakaharaka, farasi anafanana na mbwa, na mi sioni ubaya, fundi alilipwa achore jinsi ulivyoponea basi. Mwaka 1980 wezi waliingia wakaiba kama 200, vingine vikapatikana baadaye, vingine mpaka leo viko ukutani kwa watu wanaovionyesha kwa wageni wao. Kwahiyo ukiona mtu anakuuzia kigae chenye P.G.R., usinunue kabla hujajua kimetokea wapi.

Ya kikombe chako sasa. Usitumie supaglu, ikishika vibaya hairudi nyuma na udongo wa maiolika ni laini unabanduka nayo. Mafundi wa makumbusho wanatumia gundi inayoyeyushika tena kwa asetoni, Paraloid B-72 inaitwa, waombe watu wa makumbusho wakusaidie kuipata. Vipande usiloweke majini, pale palipovunjika hapana mng'ao, maji yanaingia kama kwenye mtungi, pangusa na pamba yenye unyevu kidogo uache vikauke siku mbili tatu. Na kama mzee atakuwa bado anasema tupa, kiache kile cha sura peke yake ukitundike jikoni, vile vitatu weka kwenye boksi. Nitumie picha zake vyote vinne. Na mgongo.